Polisi wakigawiwa mali ya muuza unga, nani atakamatwa?

Msomaji wa Likoni, Mombasa, ameniandikia barua ndefu. Kiini chake ni hiki: "Nasikia Marekani polisi wakimnasa muuza unga wanachukua gari, nyumba na fedha zake, na idara iliyomkamata ndiyo inayobaki na mali hiyo. Kwa nini nasi tusifanye hivyo? Askari akijua kwamba gari la papa litakuwa la kituo chake, si ataacha kuwakamua mateja mia mbili mia mbili pale maskani, aende akamtafute papa mwenyewe? Na jambo jingine: binamu yangu anaendesha malori Texas, anasema huko watu wananyang'anywa fedha barabarani bila hata kufikishwa kortini. Ni kweli hayo?"

Ni kweli, ndugu yangu. Na hayo aliyokwambia binamu yako ndiyo jibu la swali lako la kwanza.

Hoja yako si ya kubezwa, maana Bunge la Marekani lilifikiri vivyo hivyo mwaka 1984. Tangu sheria ya dawa za kulevya ya 1970, serikali kuu ya huko ilikuwa na uwezo wa kutaifisha shehena ya dawa, vifaa vya kuitengenezea na magari ya kuibeba. Mwaka 1978 zikaongezwa fedha zinazotokana na biashara hiyo. Ila mali yote iliyotaifishwa iliingia katika hazina kuu ya taifa, na askari aliyehangaika usiku kucha hakuona faida yoyote. Sheria ya Oktoba 1984, iliyotiwa saini na Rais Reagan, ikaongeza nyumba na ardhi kwenye orodha, kisha ikafanya mambo mawili yaliyobadili kazi ya polisi. Iliunda mfuko maalumu ndani ya Wizara ya Sheria ili mapato ya mali zilizotaifishwa yarudi katika kazi ya ulinzi wa sheria. Pia ilianzisha mpango wa mgao: polisi wa mji au wa kaunti wanakamata mali, wanaikabidhi kwa shirika la serikali kuu kama DEA, lile linalopambana na dawa za kulevya, kesi inaendeshwa kwa sheria ya serikali kuu, kisha hadi asilimia 80 ya thamani yake inarudi kwa wale polisi waliokamata. Mwaka 1986 mfuko huo uliingiza dola milioni 93.7. Kufika 2008 ulikuwa na mali halisi ya zaidi ya dola bilioni moja.

Kabla hatujafika barabarani, lazima ujue mali inataifishwa vipi, kwa sababu watu wengi hudhani ni adhabu inayofuata hukumu. Njia hiyo ipo: mtu anashtakiwa kwa jinai, anatiwa hatiani bila kuacha shaka, kisha mahakama inaamuru mali yake ichukuliwe. Ni njia ndefu na ngumu. Njia ya mkato ni kesi ya madai, ambayo mshtakiwa wake ni mali yenyewe. Asili yake ni baharini. Meli ya maharamia au ya magendo ikinaswa, mwenyewe yuko ng'ambo, hashikiki. Kwa hiyo sheria ilikubali meli ishtakiwe kama vile ndiyo iliyotenda kosa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali mantiki hiyo mwaka 1827 katika kesi ya meli iitwayo Palmyra, na uamuzi huo bado unatajwa mahakamani hadi leo. Watu wa pwani hili hawatashangaa sana. Agosti 2014 serikali ya Kenya iliilipua baharini meli ya Amin Darya iliyokutwa na heroini zaidi ya kilo 300, Rais Uhuru Kenyatta akiangalia. Meli iliadhibiwa.

Kwa kuwa mshtakiwa ni kitu, majina ya kesi zenyewe huchekesha. Ipo moja ya mwaka 2006 iitwayo Marekani dhidi ya Dola 124,700. Mwenye fedha alisimamishwa Nebraska akiendesha gari la kukodi, fedha zikiwa ndani ya chombo cha kupoozea vinywaji. Alisema yeye na wenzake walichanga ili wanunue lori. Dawa hazikuonekana, ila mbwa wa polisi alionyesha kunusa kitu. Jaji wa kwanza alimwamini mwenye fedha. Mahakama ya rufaa ikatengua, fedha zikaenda. Haikuhitajika hukumu ya jinai dhidi ya yeyote, kwa sababu katika kesi ya madai serikali inatakiwa tu kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa mali ina uhusiano na dawa. Na kabla ya marekebisho ya mwaka 2000 hata mzigo huo mdogo haukuwa wa serikali: mwenye mali ndiye aliyepaswa kuthibitisha kuwa mali yake ni safi.

Sasa mweke askari hapo kati. Sheria inampa njia nyepesi ya kuchukua mali, na mali hiyo inanunua redio, magari na saa za ziada za idara yake. Wewe unasema atamfuata papa. Huko waliko na uzoefu wa miaka 40 wa jambo hili, alichofanya kwanza ni kuhama upande wa barabara.

Patrick Murphy, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa jiji la New York, alilieleza Bunge mwaka 1992. Barabara kuu ya I-95 inashuka kusini hadi Florida. Dawa hupanda kaskazini kuja New York. Fedha za kununulia hushuka kusini. Askari anayetaka kupunguza dawa mjini atasimama upande wa magari yanayoingia. Lakini dawa zikikamatwa huchomwa moto, na fedha zikikamatwa huingia kwenye bajeti ya idara. Kwa hiyo, alisema Murphy, sheria inamvuta askari asimame upande wa magari yanayotoka. Ukilitafakari, maana yake ni kwamba dawa zinaachwa zifike, ziuzwe, zigeuke noti, ndipo polisi waingie kazini.

Na haikuwa nadharia. Kaunti ya Volusia, Florida, iko kwenye barabara hiyohiyo. Gazeti la Orlando Sentinel lilichunguza kikosi cha sherifu wa huko na likapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1993 kwa kazi hiyo. Kikosi kilikuwa kimekusanya takribani dola milioni 8 kutoka kwa madereva katika miaka michache, na watu watatu kati ya kila wanne walionyang'anywa fedha hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Wengi mno walikuwa Weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2011, kituo cha televisheni cha NewsChannel 5 cha Nashville kilipitia kumbukumbu za vikosi vya dawa vinavyofanya kazi kwenye barabara ya I-40 katika jimbo la Tennessee. Huko dawa zinatoka Mexico kuelekea mashariki na fedha zinarudi magharibi. Kikosi kimoja kilikuwa kikisimamisha magari upande wa magharibi, upande wa fedha, takribani mara kumi zaidi ya upande wa dawa. Nikiwafundisha wanafunzi somo hili huwa naanza na barabara hiyo, kwa sababu haihitaji ujue nia ya askari yeyote. Unahesabu tu magari.

Badiliko la pili halionekani barabarani. Katika upelelezi wa kawaida wa dawa, askari kanzu hujifanya mnunuzi, ananunua kete, anamfuata muuzaji, anapanda ngazi hadi kwa msambazaji. Kuna mtindo mwingine ambao askari hujifanya muuzaji. Anayekuja ni mnunuzi, na mnunuzi huja na fedha mfukoni na gari nje. Ukimkamata umepata vyote viwili kwa jioni moja. Watafiti Miller na Selva walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa ndani, mmoja wao akiwa ameshiriki operesheni za siri na polisi wa dawa. Waliona kesi zikichaguliwa kwa kuangalia zitaingiza kiasi gani, na mtindo huu wa askari kuuza ukipendwa kuliko ule wa kununua. Muuzaji mwenye shehena kubwa lakini asiye na fedha mkononi aliweza kuachwa mpaka auze kwanza. Papa unayemtaka, ndugu yangu, katika hesabu hii ni mtu wa kusubiriwa.

Wakati mwingine mali ndiyo iliyotangulia na mshukiwa akatafutiwa baadaye. Oktoba 1992, karibu na Malibu, California, polisi wa kaunti ya Los Angeles waliingia asubuhi katika shamba la ekari 200 la tajiri mmoja wa miaka 61, wakidai kuna bangi imepandwa. Alitoka na bastola, wakampiga risasi akafa. Bangi haikupatikana hata mche mmoja. Mwendesha mashtaka wa kaunti jirani ya Ventura alichunguza na kuandika kwamba miongoni mwa sababu za uvamizi huo ilikuwa hamu ya kulitaifisha lile shamba. Sisemi kila uvamizi uko hivyo. Nasema sheria ikishampa mpelelezi sababu ya kutazama ramani ya ardhi kabla ya kutazama ushahidi, kuna siku ataitazama.

Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo hoja yako inapovunjika. Unadhani tuzo itawapandisha polisi kutoka kwa teja hadi kwa papa. Takwimu zinaonyesha ilivyo. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichambua ukamataji wa fedha 61,998 uliofanywa tangu Septemba 2001 bila hati ya mahakama wala mashtaka, kupitia ule mpango wa mgao. Jumla yake ilipita dola bilioni 2.5. Lakini nusu ya hizo zilikuwa chini ya dola 8,800. Hicho si kiasi cha papa. Ni akiba ya fundi, ada ya mtoto, fedha za mtu anayekwenda kununua gari kuukuu.

Kwa nini kidogokidogo? Kwa sababu wakili wa kuipigania fedha hiyo atakula karibu yote, na katika kesi ya madai serikali haikupi wakili, isipokuwa pengine unapotetea nyumba unayoishi na huna uwezo. Mwenye akili anaziacha zipotee. Papa ana mawakili, na gari lake limeandikishwa kwa jina la kampuni ambayo nayo inamilikiwa na kampuni nyingine. Kumfikia yeye ni kazi ya miaka miwili ya wahasibu na wapelelezi, na mwisho wake haujulikani. Kuchukua dola 6,000 kwa dereva ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi haipingwi. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2017 akaonyesha kwamba tangu 2007 DEA ilikuwa imekamata fedha taslimu zaidi ya dola bilioni 4, na sehemu kubwa, dola bilioni 3.2, ilitaifishwa kiofisi bila jaji yeyote kuliona jalada. Aliwachagulia kesi 100 akawauliza ni ngapi ziliusaidia upelelezi wowote wa jinai, au zilizaa kesi au ukamataji. Waliweza kuthibitisha 44.

Mkaguzi huyohuyo alirudi mwaka 2024 na jambo la ajabu zaidi. DEA ilikuwa ikimlipa mfanyakazi wa shirika la ndege ili awape majina ya abiria waliokata tiketi ndani ya saa 48 kabla ya safari, na malipo yake yalikuwa sehemu ya fedha zitakazokamatwa kwa abiria hao. Mtoa habari kwa kamisheni! Upekuzi wa aina hiyo katika viwanja vya ndege ulisimamishwa Novemba mwaka huo.

Utaniuliza: angalau dawa zilipungua? Polisi walikamata watu wengi zaidi, hilo ni kweli. Mwaka 2000 wachumi Mast, Benson na Rasmussen walilinganisha majimbo na kuona kwamba pale polisi waliporuhusiwa kubaki na mali, fungu la makosa ya dawa katika ukamataji wote lilipanda kwa takribani asilimia 20. Askari hawakuongezeka kwa kiasi hicho, kwa hiyo muda huo ulitoka mahali, yaani kwenye wizi, uvunjaji wa nyumba na mengineyo. Mchumi Brian Kelly naye alifuatilia kwa miaka kadhaa kama fedha za mgao ziliwasaidia polisi kutatua kesi nyingi zaidi au kupunguza matumizi ya dawa. Hakuona hivyo. Alichokiona ni kwamba uchumi wa eneo ukidorora na ajira kupungua, utaifishaji unapanda. Dawa hazifuati mzunguko wa bajeti ya kaunti namna hiyo.

Kuhusu bajeti kuna jambo ambalo huwa linawashangaza hata polisi wenyewe. Katherine Baicker na Mireille Jacobson walionyesha mwaka 2007 kwamba serikali za kaunti zikiona polisi wao wanaingiza fedha za utaifishaji, zinapunguza zile zinazowapa. Idara inazunguka barabarani kutafuta noti, inazipata, kisha mhasibu wa kaunti anakata sehemu kubwa ya kiasi hicho katika bajeti yake. Mwisho wa yote polisi hawajatajirika, wamegeuzwa watoza ushuru wasiotambulika. Na mchovya asali hachovyi mara moja: katika utafiti wa John Worrall wa 2001, karibu asilimia 40 ya idara zilizojibu zilisema fedha za utaifishaji ni nyongeza ya lazima katika bajeti zao. Mkuu wa idara wa namna hiyo hawezi kumwambia afande wake aache barabara kuu akae mwaka mzima akichunguza akaunti za benki. Bajeti ya kikosi chake inategemea barabara kuu.

Majimbo kadhaa yamejaribu kurekebisha. New Mexico ilifuta utaifishaji wa kimadai mwaka 2015, ikataka hukumu ya jinai kwanza, na mapato yakaelekezwa kwenye hazina ya jimbo. Nebraska ilifuata 2016, Maine 2021. Uhalifu wa New Mexico haukuruka kwa sababu hiyo. Lakini tazama ujanja wa fedha: Missouri na North Carolina kwa muda mrefu zimeelekeza mapato haya kwa shule, si kwa polisi. Polisi wa huko walifanya nini? Walizipeleka kesi kwa serikali kuu, ambako mgao wa asilimia 80 uliwasubiri. Utafiti wa 2011 wa Holcomb na wenzake ulithibitisha mwelekeo huo nchi nzima: jimbo linapokuwa kali zaidi kwa polisi wake, ndivyo wanavyozidi kutumia mlango wa serikali kuu. Mwanasheria Mkuu Eric Holder aliufunga mlango huo kwa sehemu kubwa Januari 2015. Jeff Sessions, aliyeshika cheo hicho baadaye, akaufungua tena Julai 2017.

Mahakama ya Juu imesaidia kidogo. Katika kesi ya Timbs dhidi ya Indiana, mwaka 2019, majaji wote tisa walikubaliana kwamba marufuku ya Katiba dhidi ya faini kupita kiasi inayafunga majimbo pia. Gari lililogombewa lilikuwa Land Rover ya dola 42,000, na faini ya juu kabisa kwa kosa la mwenyewe, kuuza heroini kidogo, ilikuwa dola 10,000. Gari lilikuwa limenunuliwa kwa fedha za bima ya maisha ya baba yake. Lakini mwaka 2024, katika kesi ya Culley dhidi ya Marshall iliyohusu magari yaliyokamatwa Alabama wakati yakiendeshwa na watu wengine, majaji sita dhidi ya watatu walisema mwenye gari hana haki ya kusikilizwa haraka, kabla ya kesi yenyewe ya utaifishaji, ili aombe kurudishiwa gari wakati akisubiri. Ukipokonywa gari la kukupeleka kazini, kusubiri huko ni adhabu tosha.

Basi je, tuiache mali ya wauza unga? La hasha. Nenda Ireland. Juni 1996 mwandishi wa habari Veronica Guerin aliuawa kwa risasi akiwa garini mwake karibu na Dublin, akiwa anachunguza wakubwa wa dawa. Mwaka huohuo Bunge la huko liliunda ofisi ya mali za wahalifu inayokusanya polisi, maofisa wa kodi na maofisa wa ustawi wa jamii chini ya paa moja. Nao wanatumia njia ya kimadai, bila kusubiri hukumu ya jinai, na kesi zao ziko mbele ya Mahakama Kuu. Walichukua majumba, walidai kodi za miaka, na wakubwa kadhaa waliihama nchi. Tofauti ni nini? Kila euro inayopatikana inaingia hazina kuu ya serikali. Mpelelezi wa ofisi hiyo hapati redio mpya kwa sababu alichagua mtu mwenye fedha nyingi mfukoni, kwa hiyo anaweza kumchagua mtu anayeumiza mtaa zaidi. Nayo ina wakosoaji wake, hasa kuhusu mzigo wa ushahidi, na nadhani wana hoja. Lakini ndiyo iliyofanya lile unalolitaka wewe, kumfikia papa, tena bila ile tuzo unayoipendekeza.

Kenya imeshachagua njia iliyo karibu zaidi na hiyo kuliko ya Marekani, ingawa si wengi wanaojua. Sheria ya 2009 kuhusu mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha iliunda shirika la kurejesha mali, ARA, na inaruhusu mali itaifishwe kwa kesi ya madai bila hukumu ya jinai. Lakini lazima liende Mahakama Kuu. Kwanza linaomba amri ya kuzuia mali isiuzwe, amri ya siku 90, kisha ndani ya muda huo linaomba amri ya kutaifisha, na mwenyewe anasikilizwa. Kifungu cha 40 cha Katiba kinailinda mali ya mtu, na papo hapo kinasema ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyothibitika kupatikana kwa njia haramu. Mali ikitaifishwa inakwenda kwenye mfuko wa kitaifa uliowekwa na sheria hiyo. Kituo cha polisi cha Likoni hakina fungu lake humo, na ningekuwa na sauti Bungeni ningepigania kibaki hivyo.

Fikiria pendekezo lako likipita. Kijana wa bodaboda anampakia abiria Kongowea, abiria ana kete tano za unga soksini. Wanasimamishwa. Pikipiki ni ya mkopo, chama cha akina mama ndicho kilichodhamini. Leo askari mwenye tamaa anaomba kitu kidogo, na ni uovu. Kesho, kwa sheria uliyopendekeza, anaichukua pikipiki kihalali, anaandika hati, na kituo kinasifiwa kwa takwimu nzuri. Kile alichokuwa akikichukua gizani umempa mhuri. Na hongo haitakoma, kwa sababu sasa ana kitu kikubwa zaidi cha kumtishia nacho yule kijana: nipe elfu tano au pikipiki iende. Huko Tenaha, mji mdogo wa Texas, jambo la namna hiyo lilitokea hasa. Madereva waliwekewa chaguo: weka saini kwamba unaachia fedha zako, au ushtakiwe, wengine waliambiwa watoto wao watachukuliwa. Kesi ya pamoja dhidi ya mji na kaunti iliishia kwa maafikiano mwaka 2012.

Nawe wa Mombasa unajua mapapa walikamatwaje. Ndugu wa Akasha, Baktash na Ibrahim, walinaswa Novemba 2014 baada ya miezi ya mtego wa DEA uliohusisha watoa habari na mazungumzo yaliyorekodiwa, wakapelekwa New York Januari 2017, na wakahukumiwa miaka 25 na 23. Walikiri huko kwamba walikuwa wakiwahonga maofisa wa Kenya. Hakuna kituo kingeifanya kazi hiyo ili kipate gari. Gari hupatikana kwa urahisi zaidi pengine.

Turudi kwa binamu yako, maana yeye ana shida ya leo. Kubeba fedha taslimu ndani ya Marekani si kosa, hata ziwe nyingi. Tamko linahitajika anapovuka mpaka na zaidi ya dola 10,000. Lakini aepuke kuzibeba inapowezekana, na akilazimika, awe na karatasi: risiti ya benki ya kuzitoa, mkataba wa gari anakokwenda kulinunua, ujumbe wa muuzaji. Akiulizwa kama anaweza kupekuliwa kwa hiari, anaweza kukataa kwa adabu. Karatasi yoyote inayosema fedha si zake au anaziachia asiitie saini. Texas yenyewe ilipiga marufuku mwaka 2011 askari kumshawishi mtu atie saini ya namna hiyo kabla kesi haijafunguliwa.

Zikichukuliwa, aombe stakabadhi yenye kiasi kamili na jina la idara. Kisha ajue nani anazishika, kwa sababu njia zinatofautiana. Zikibaki kwa jimbo la Texas, mwendesha mashtaka ana siku 30 tangu ukamataji kufungua kesi, na muda wa kuijibu ni mfupi. Zikienda kwa serikali kuu, barua ya taarifa inapaswa kutumwa ndani ya siku 60, au 90 ikiwa ni polisi wa jimbo waliozikabidhi. Barua hiyo ina tarehe ya mwisho ya kudai, isiyopungua siku 35 tangu ilipotumwa. Itakuwa na fomu mbili: ya kuomba huruma, inayoamuliwa na haohao waliochukua, na ya kudai, inayolazimisha serikali ndani ya siku 90 ama ifungue kesi mbele ya jaji ama irudishe. Wengi hujaza ile ya huruma kwa sababu inaonekana ya upole, na hivyo jaji halioni jalada kamwe. Amwone wakili kabla ya kuchagua, na ahakikishe anwani yake kwenye leseni ni ya sasa. Dereva wa lori hukaa wiki nyingi barabarani, na barua ikirudi bila kufunguliwa, siku zinaendelea kuhesabiwa.